Mgeni na Kipimo cha Damu

Jamii yoyote ifikiwapo na maradhi huwa na maswali mawili mbele yake. Swali la kwanza huuliza ni nani aliyeyaleta. Swali la pili huuliza ni nani anayeumwa, na atatibiwaje. Swali la kwanza ni jepesi, maana jawabu lake huokotwa njiani: aliyeyaleta ni yule asiyekuwa mmoja wetu. Swali la pili ni zito, maana jawabu lake hudai kazi, fedha na subira. Walakini hapajapata kuwa na mgonjwa hata mmoja aliyeponywa na jawabu la swali la kwanza. Nakusudia katika insha hii kuwapinga wale wanaolishikilia swali hilo juu ya virusi vya Ukimwi, na kuitetea haki ya kijana mgeni ya kupimwa, kutibiwa na kutunziwa siri yake sawasawa na mwenyeji.

Mfano wetu uko karibu. Gongoni ni mji mdogo wa Magarini, katika kaunti ya Kilifi, kaskazini ya Malindi na Mambrui, kando ya barabara iendayo Garsen na Lamu. Kutoka hapo mpaka Marereni na Kurawa pwani imekatwa mabwawa ya chumvi. Maji ya bahari huingizwa mabwawani, jua na upepo huyakausha, na chumvi ibakiayo hukwanguliwa, hukusanywa na kuchukuliwa. Kazi hiyo huita vijana. Wako watokao Ganze, Kaloleni na Mto Tana. Wako watokao bara, safari ya siku nzima au zaidi. Na madikoni wako wavuvi wafuatao pepo za kaskazi na kusi, wengine wakiwa wana na wajukuu wa watu waliovuka bahari kutoka Pemba. Madereva wa malori ya chumvi hulala usiku mmoja, kisha wakapita. Mji wenye kazi ni kama mti wenye matunda: ndege wa kila namna hutua juu yake, wala mti haumuulizi ndege alikozaliwa.

Lakini watu huuliza. Barazani, sokoni na hata katika vyumba vya walimu husikika maneno ya namna tatu. Wa kwanza husema kwamba Ukimwi ni maradhi ya wageni, na kama si wao Gongoni ingekuwa salama. Wa pili husema kwamba kila kijana anayetafuta kibarua apimwe damu kwanza, apende asipende, na aliyepatikana na virusi arudishwe kwao. Wa tatu, ambaye huonekana mpole kuliko wenziwe, husema kwamba dawa ni chache na madaktari ni wachache, basi wenyeji watangulie na wageni wangoje. Maneno haya husemwa na watu wema, tena wazee wenye heshima zao na wenye mabinti wanaowahofia. Kwa hiyo si haki kuyadharau. Haki ni kuyatazama moja moja na kuonyesha kosa lilipo.

Tuanze na la kwanza. Maradhi ya Ukimwi yalitambuliwa na matabibu huko Marekani mwaka 1981. Virusi vyenyewe viligunduliwa mwaka 1983 katika mji wa Paris na Françoise Barré-Sinoussi, Luc Montagnier na wenzao. Mgonjwa wa kwanza alitambuliwa nchini Kenya mwaka 1984, na mwezi wa Novemba 1999 serikali ilitangaza kwamba maradhi haya ni janga la taifa. Neno janga la taifa lina maana ya jambo lililoingia kila pembe ya nchi. Virusi hivi hupita kwa kujamiiana bila kinga, kwa damu, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa mimba, wa kuzaa au wa kunyonyesha. Katika njia zote hizo hakuna hata moja inayoitwa kabila, wala wilaya, wala lahaja. Virusi havimjui Mgiriama wala Mpemba; vinajua mwili tu.

Yamkini atasema mtu: mbona basi maradhi haya hushamiri katika miji ya kazi na katika madiko ya wavuvi? Swali hilo ni la haki, na jawabu lake halimo katika asili ya mgeni bali katika hali yake. Mtukue kijana yeyote, hata mwana wa mzee mwenye kusema, umtenge na mama yake, shangazi yake na jirani zake. Umpe fedha mkononi Jumamosi jioni na upweke wa kutosha. Umlaze chumba kimoja na watu sita. Kisha umwondolee tabibu wa kumshauri. Kijana huyo atakuwa hatarini, ajapokuwa mzaliwa wa Gongoni. Vijana wetu wenyewe hupata hali hiyo hiyo waendapo Mombasa, Nairobi au nchi za Ghuba kutafuta riziki, na huko wao ndio waitwao wageni. Anayemtukana mgeni nyumbani kwake humtukana mwanawe aliye ugenini.

Sasa neno la pili, la kupima watu kwa nguvu. Neno hili kwanza ni kinyume cha sheria. Sheria ya Kenya ya Kuzuia na Kudhibiti Virusi vya Ukimwi ya mwaka 2006 inakataza mtu kulazimishwa kupimwa kuwa ni sharti la kupata kazi au kubaki kazini, la kuoa au kuolewa, la kuingia shuleni, la kuingia nchini au kutoka, na hata la kupata matibabu. Sheria hiyo hiyo inaamuru kwamba majibu ya kipimo ni siri ya aliyepimwa. Mwajiri anayedai cheti cha damu mlangoni pa kazi hailindi Gongoni. Anaivunja sheria ya nchi.

Lakini tuseme sheria haikuwako. Je, shurti ingefaa? Haingefaa hata kidogo, kwa sababu tatu. Ya kwanza, kipimo husema habari za jana tu. Virusi vilivyoingia mwilini juzi huweza visionekane bado katika kipimo cha kawaida kwa majuma kadhaa, na aliyepatikana salama leo anaweza kuambukizwa kesho. Basi cheti cha mlangoni huwa ni kinga ya karatasi. Ya pili, mtu anayejua kwamba jawabu baya litamnyima chakula hatalitafuta jawabu. Atakimbilia Marereni, na kutoka Marereni atakwenda Malindi, naye atakwenda na virusi vyake bila kujua na bila dawa. Ya tatu, shurti humgeuza tabibu kuwa askari. Na mgonjwa hamfuati askari, humkimbia. Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Sisi tuongeze kwamba mwenye kumtisha mgonjwa ndiye anayemfundisha kuficha.

Walimwengu wengine wamekwisha kulijaribu jambo hili, nasi hatuna haja ya kulirudia. Tangu mwaka 1987 Marekani iliwafungia mlango wageni wenye virusi hivi, na katazo hilo likadumu hadi Januari 2010 lilipoondolewa. Kwa miaka ile zaidi ya 20 Ukimwi uliendelea kuenea ndani ya nchi, maana ulikuwa tayari ndani. Katika nchi hiyo hiyo kulikuwa na mvulana wa Indiana jina lake Ryan White, aliyeambukizwa kwa dawa iliyotengenezwa kwa damu ya watu wengine ambayo alitiwa kwa maradhi yake ya kutokwa damu. Mwaka 1985 alikatazwa kuingia shuleni. Hakuwa mgeni, alikuwa mwenyeji wa wenyeji, lakini hofu ilimfanya mgeni katika mji wake mwenyewe. Alifariki mwaka 1990 akiwa na miaka 18, na mwaka huo huo taifa lake likatunga sheria yenye jina lake ya kuwatibu maskini wenye virusi. Hapa pana fundisho: hofu ikikwisha kuwala wageni huwageukia wenyeji.

Hata leo somo hilo halijakamilika huko. Vijana waliotoka nchi za Amerika ya Kusini na ya Kati wakaingia Marekani bila karatasi hawaruhusiwi kununua bima katika soko la bima lililowekwa na sheria ya mwaka 2010. Wengi wao husita kwenda hospitali wasije wakaulizwa wametoka wapi, ingawa tangu mwaka 2006 matabibu wa serikali ya nchi hiyo wamependekeza kwamba kila mtu mwenye umri wa miaka 13 mpaka 64 apimwe. Shauri ni jema, lakini halimfikii aliye nje ya mlango. Kijana wa Honduras aliyeko Houston na kijana wa Kipemba aliyeko pwani ya Kilifi hawajapata kuonana, lakini wanaijua hofu moja: hofu ya kuulizwa karatasi mahali ulipokwenda kuulizia afya.

Neno la tatu ndilo lenye hila, kwa sababu limevaa nguo ya haki. Wenyeji kwanza, husema, wageni baadaye. Maneno haya yangekuwa na maana kama maradhi nayo yangefuata foleni hiyo. Lakini sayansi ya zama zetu imevunja hoja hii kabisa. Tangu mwaka 1996 ziko dawa ambazo zikichanganywa na kumezwa kila siku huvizuia virusi visizaliane. Tangu mwaka 2006 dawa hizo hutolewa bila malipo katika hospitali za serikali ya Kenya. Mwaka 2011 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi wa jozi 1,763 za wapenzi katika nchi 9, Kenya ikiwa mojawapo, ambao mmoja wao alikuwa na virusi na mwenziwe hana. Ilionekana kwamba aliyeanza dawa mapema alipunguza hatari ya kumwambukiza mwenziwe kwa sehemu 96 katika 100. Chunguzi za baadaye zimethibitisha kwamba mtu ambaye dawa zimevishusha virusi vyake hata visionekane kwa kipimo hamwambukizi mwenziwe kwa kujamiiana. Kwa ajili hiyo, mwaka 2016 Kenya ilikata shauri kwamba kila mtu apatikanaye na virusi aanzishwe dawa mara moja, bila kungoja adhoofike.

Fikirini maana ya jambo hili, enyi vijana. Kidonge anachomeza kijana mgeni humlinda yeye, na humlinda msichana wa Gongoni atakayempenda, na humlinda mtoto watakayemzaa. Kumngojesha mgeni ni kumngojesha msichana huyo bila yeye kujua. Tunayo methali kongwe isemayo: mgeni njoo, mwenyeji apone. Watu wengi huitumia kwa mzaha, mgeni anapofika na kuku akachinjwa, wenyeji wakapata kitoweo. Juu ya virusi vya Ukimwi methali hiyo si mzaha. Ni kweli ya kitabibu, neno kwa neno.

Basi kama kipimo ni bure, na dawa ni bure, na sheria ni njema, kizuizi ni kipi? Kizuizi ni milango midogo midogo ambayo mwenye haraka haioni. Tumchukue kijana wa miaka 19 akwanguaye chumvi. Hulipwa kwa kazi ya siku. Zahanati hufunguliwa anapoingia kazini, na hufungwa anapotoka. Akienda kupimwa hupoteza ujira wa siku nzima, na juu ya hayo humlipa mwenye pikipiki. Huo ndio mlango wa kwanza. Akifika huona kwamba mahali pa kupimiwa virusi pamejitenga, na kila apitaye hujua wanaoketi pale wanangoja nini. Mji ni mdogo. Kabla ya jua kutua, jina lake limefika kambini. Huo ni mlango wa pili. Wa tatu ni ulimi: mhudumu mmoja mwenye karaha, akiuliza kwa sauti kubwa kijana ametoka wapi na amefanya nini, huweza kuwafukuza vijana kumi kwa siku moja, maana aliyeudhiwa huwasimulia wenziwe.

Mlango wa nne ni karatasi. Miaka mingi Wapemba wa pwani ya Kenya, hata waliozaliwa humu, walihesabiwa kuwa si raia wa nchi yoyote. Bila kitambulisho mtu hakuweza kuandikishwa katika bima ya afya, wala kufungua akaunti ya benki, wala kuajiriwa kwa njia iliyo halali. Mwaka 2023 serikali ya Kenya iliwatambua, na mwezi wa Julai mwaka huo Rais William Ruto aliwakabidhi vitambulisho huko Kilifi. Lilikuwa jambo la kusifiwa. Lakini mtu aliyeishi miaka 20 akijificha hajifunzi kujitokeza kwa siku moja. Na bado wako vijana wengine, wa asili nyingine, ambao kitambulisho chao hakijatoka au kimeachwa nyumbani mbali. Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii iliposhika mahali pa bima ya zamani, watu wengi wamedhani kwamba asiyeandikishwa hana ruhusa hata ya kuvuka kizingiti cha zahanati. Dhana hiyo ni potofu kwa kipimo cha virusi, lakini dhana potofu hufunga mlango sawa na kufuli. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, inasema kwamba kila mtu ana haki ya kiwango cha juu cha afya kiwezekanacho. Imesema kila mtu. Haikusema kila mwenye karatasi.

Sitaki kudai kwamba kosa lote ni la milango. Wako vijana ambao hata wakifunguliwa milango yote hawaendi. Hujisifu kwamba wana nguvu, na huona kutojua ni salama. Hao nawaambia kwamba kutojua hakupunguzi virusi hata kimoja. Hupunguza siku za kuishi tu. Lakini hatuna haki ya kumlaumu mtu kwa kutoingia nyumbani kabla hatujahakikisha kwamba mlango uko wazi. Tufungue kwanza, kisha tulaumu.

Wala wakati wa kufanya hivyo si wa kungojwa. Kwa zaidi ya miaka 20 sehemu kubwa ya kazi hii nchini Kenya ililipiwa na fedha za Marekani, kwa mpango ulioanzishwa mwaka 2003. Januari 2025 serikali ya nchi hiyo ilisimamisha ghafula misaada yake ya nje. Baadhi ya zahanati zilizotegemea fedha hizo zilifungwa, na wahudumu wengi wakaachishwa kazi. Katika hali hiyo kelele ya kutaka wageni wangoje huongezeka, maana mkate ukipungua watu huanza kuhesabiana vidole. Lakini uhaba hauifanyi hoja mbovu kuwa nzuri. Ukiwa na ndoo moja ya maji na nyumba mbili zilizopakana, moto ukianzia kwa mgeni, mwenye busara humwaga maji palipo moto, wala hangoji ufike kwake.

Yanayotakiwa si makubwa. Waajiri wa mabwawa ya chumvi wampe kibarua saa chache za kupimwa bila kumkata ujira, na waruhusu wahudumu wa afya wafike kazini, mradi wao wenyewe wasiulize majibu. Wana deni la kulipa: Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilisikiliza malalamiko ya watu wa Magarini juu ya viwanda vya chumvi, na taarifa yake ya mwaka 2006 iligusa ardhi, mazingira na hali ya wafanyakazi pia. Kaunti nayo ifungue zahanati jioni, angalau mara moja kwa juma, na ipeleke kipimo madikoni wakati mashua zinaporudi. Chumba cha kupimia virusi kiwe chumba kile kile cha kupimia malaria na shinikizo la damu, ili akaaye mlangoni asisomwe usoni. Vifaa vya kujipima mwenyewe kwa mate, ambavyo vimekuwako nchini tangu mwaka 2017, viwafikie wale wasioweza kuja. Na mhudumu akumbuke kwamba neno lake la kwanza ni sehemu ya dawa.

Nanyi wanafunzi mna sehemu yenu. Jueni, na wajulisheni wengine, kwamba mtu aliyeingia hatarini, au aliyenajisiwa, anaweza kupewa dawa za kuzuia virusi visishike mwilini, lakini sharti afike hospitali kabla ya saa 72 kupita, na kila saa anayochelewa ni hasara. Jueni kwamba sheria ile ya mwaka 2006 inataka idhini ya mzazi au mlezi kwa mtoto anayepimwa, lakini inamruhusu mtoto aliye na mimba, aliye mzazi, aliyeoa au kuolewa, au aliye katika hatari ya kuambukizwa, atoe idhini yake mwenyewe kwa maandishi. Jueni kwamba majibu ya mwenzenu si habari ya kusimuliwa njiani. Na mtakaposikia barazani kwamba wageni ndio walioleta maradhi, ulizeni kwa adabu, kama ipasavyo mbele ya wazee: je, tumekwisha kuwatibu?

Mji haulindwi na ukuta wa kumzuia mtu asiye na virusi vya ajabu bali mwili kama wetu. Mji hulindwa na wakazi wanaojua hali zao, wanaomeza dawa zao bila aibu, na wanaoweza kumwambia tabibu ukweli bila kutazama nyuma. Mtu mmoja akinyimwa hayo kwa sababu ya alikotoka, wote tumepungukiwa na ulinzi. Chumvi ya Gongoni huuzwa mbali, ikala watu ambao hawajui jina la aliyeikwangua. Ni haki yake aliyeikwangua kwamba sisi tunaokaa naye tumjue, tumpime akitaka, na tumtibu akihitaji.